Njaa Iliponyamaza

Mama aliitazama sahani yangu kwa muda mrefu kabla hajasema kitu. Ilikuwa Ijumaa mchana, nyumbani kwetu Tanga, na mbele yangu palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchuzi wa bamia, chakula ambacho tangu utotoni sijawahi kukibakiza. Nilikuwa nimekula matonge sita, labda saba. Nikasogeza sahani, nikanawa.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama. Alhamdulillahi."

Hakujibu. Alikusanya vyombo, akakaa jikoni kuliko kawaida yake, na aliporudi alifunga mlango wa chumba, akaketi kitandani karibu yangu na kunishika mkono. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa. Niambie ukweli. Umepima?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Mama aliwazika kaka zake wawili, mmoja mwaka 1994 na mwingine 1997. Wote walianza hivyo hivyo: shati kumpwaya mtu mabegani, mkanda kutobolewa tundu jipya, chakula kubaki sahanini. Nchini kwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa wenyewe Slim, kwa sababu ya ule wembamba. Kwetu walisema fulani amekanyaga miwaya. Kwa kizazi cha mama yangu, mtu mzima anayepungua kilo hapongezwi. Anachunguliwa, anaombewa, na majirani wanaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa nimepungua kilo 9 tangu aliponiona mara ya mwisho, na sikuwa nimemwambia sababu, kwa kuwa niliona aibu.

Nikaenda kwenye friji yake. Nyuma ya samaki na mtungi wa maji nilikuwa nimeficha kalamu ya sindano, nimeivingirisha kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwekea mkononi. "Sina ugonjwa huo, Mama. Hii ni dawa ya kupunguza mwili."

Mimi ni mfamasia. Kwa miaka 15 nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa Temeke, na swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, chini hata ya maswali ya kipimo cha mimba, ni hili: "Dada, dawa ya kupungua mnayo?" Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja. Hakuna dawa. Punguza wali, acha soda, tembea. Ni kujizuia tu.

Namkumbuka fundi cherehani mmoja, mama wa watu, mwenye mwili mkubwa na magoti yaliyokwisha. Alikuja kununua dawa za maumivu, akasubiri wateja wote watoke, kisha akasema: "Dada, mimi nakula mara moja kwa siku. Lakini usiku kucha nawaza chakula. Nikishona nawaza chakula. Nikiswali, Mungu anisamehe, nawaza chakula." Nikamwambia ajizuie. Akachukua dawa zake, akasema ahsante, akatoka. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na kilo 112, na yale aliyoyasema nilikuwa nayaishi kila siku, neno kwa neno. Nilimpa jibu nililokuwa najipa mimi, na lilikuwa halijawahi kunisaidia hata siku moja.

Nilikuwa na sababu ya kuziogopa dawa hizi. Tukiwa wanafunzi, mwalimu wetu wa famakolojia alituandikia ubaoni historia ya dawa za kupunguza uzito, na ilisomeka kama orodha ya misiba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya mabomu Ufaransa walionekana wakikonda, wakivuja jasho, na wengine wakifa. Kemikali waliyokuwa wakiishika ilikuwa dinitrofenoli. Mwaka 1933 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliandika kwamba inapunguza uzito, na kweli inapunguza: inafanya seli zichome chakula na kukipoteza kama joto. Lakini mwili hauna mahali pa kuzimia moto huo dozi ikizidi. Watu walipanda homa hadi kufa, wengine wakapata mtoto wa jicho wakiwa vijana, na kufikia 1938 Marekani ilikuwa imeitangaza kuwa si salama kwa binadamu. Baadaye ikaja aminoreksi huko Uswisi, Ujerumani na Austria, iliyopandisha presha ya mishipa ya mapafu, ikaondolewa mwaka 1968. Fenfluramini iliharibu vali za moyo, ikaondolewa Septemba 1997. Rimonabanti ilileta sonona na mawazo ya kujiua, ikasimamishwa Ulaya mwaka 2008. Sibutramini iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, ikatolewa sokoni mwaka 2010.

Hiyo ya mwisho bado naikuta. Haiji kwa jina lake. Inajificha ndani ya chai na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba ya kupunguza tumbo, na mamlaka za dawa za nchi nyingi zimeikamata hivyo mara nyingi mno. Dada mmoja wa mtaani kwetu aliletwa kaunta moyo ukimwenda mbio, mikono inatetemeka, baada ya wiki mbili za kahawa ya kupunguza uzito aliyoinunua kwa mtu wa mtandaoni. Sikuweza kuthibitisha kilichokuwamo kwenye ile kahawa. Nilimpakia kwenye bajaji kwenda hospitali, naye akapona. Tangu siku hiyo, neno "asilia" kwenye kopo la dawa ya kupungua ndilo linalonitisha zaidi.

Kwa hiyo zilipoanza kuvuma habari za sindano za kupungua, zinazochomwa mara moja kwa wiki, niliziweka kwenye kapu lile lile la misiba. Aliyenitoa huko ni daktari wangu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Nilikwenda kwake mwanzoni mwa 2024 nikiwa na kilo 118, urefu wangu ni sentimita 163, presha 152 kwa 96, na sukari imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Nikaanza kujieleza kabla hajauliza: najua kosa langu, nimelegea, nitajizuia. Akanikatiza. "Presha unainywea dawa?" Nikasema ndiyo. "Mbona hukujizuia isipande?"

Nilikaa kimya. Nilirudi nyumbani na swali lile, nikafungua vitabu kama mwanafunzi.

Tukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Inaiambia kongosho itoe insulini, inalichelewesha tumbo kumwaga chakula, na inauambia ubongo kwamba chakula kimefika, yatosha. Tatizo ni kwamba homoni hii ya asili inavunjwa mwilini kwa dakika mbili hivi. Ufumbuzi wa kwanza ulitoka mahali ambapo nisingepadhania: kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani na Mexico, anayeitwa Gila. Daktari John Eng, akifanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, alikuta katika sumu ya mjusi huyo kitu kinachofanana na homoni yetu lakini kisichovunjika upesi. Kutokana nacho ikapatikana eksenataidi, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Wagonjwa wa kisukari waliotumia dawa za jamii hiyo wakaonekana wanapungua uzito. Ikafuata liraglutaidi, ya kuchoma kila siku, kisha semaglutaidi, inayodumu mwilini kiasi kwamba inachomwa mara moja kwa wiki. Ozempic, ya kisukari, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Wegovy, dawa ile ile kwa dozi kubwa zaidi na kwa ajili ya unene, mwaka 2021. Kisha tirzepataidi, inayogusa homoni mbili badala ya moja, ikatoka kwa jina la Mounjaro mwaka 2022. Wateja wangu wakilisikia jina hilo hudhani ni dawa ya Kilimanjaro, na wapo wanaoniomba "ile ya mlima".

Kilichonibadilisha mawazo ni tarakimu. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi wa watu 1,961 wasio na kisukari, waliochomwa dawa kwa wiki 68 walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Pande zote mbili walipewa ushauri ule ule wa kula na kutembea, ushauri ambao mimi nilikuwa nautoa kaunta kwa miaka mingi. Nilitazama ile 2.4 usiku kucha. Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya "jizuie" yangu, tena kwa watu waliofuatiliwa na wataalamu mwezi hadi mwezi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine, watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa: dawa ilipunguza vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi kwa asilimia 20. Hapo sikuweza tena kuiita dawa ya urembo.

Daktari hakunipa cheti siku ile ile. Alinipima figo na ini, akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kupata saratani ya tezi ya shingo, maana aina moja adimu ya saratani hiyo inamzuia mtu kabisa asiitumie. Akauliza kama nimewahi kuugua kongosho au mawe ya nyongo. Akauliza kama natarajia kubeba mimba, kwa kuwa dawa inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla. Angenikuta natumia dawa za kisukari kama glibenklamidi au insulini angepunguza hizo kwanza, ili sukari isije ikaporomoka. Nayataja haya yote kwa sababu muuza sindano wa WhatsApp haulizi hata moja.

Nilianza na semaglutaidi, miligramu 0.25. Hiyo dozi haipunguzi mwili, inauzoesha tu. Wiki nne, kisha 0.5, na baadaye 1. Wiki ya pili nilikuwa natoka kazini jioni, napita pale kituoni ambapo mama mmoja anakaanga chapati na mihogo. Kila siku kwa miaka napita hapo nikipigana vita. Nitanunua, sitanunua, nitanunua moja, nitaila kabla sijafika nyumbani ili watoto wasinione. Siku hiyo nilipita, nikafika nyumbani, nikavua viatu, ndipo nikakumbuka kwamba nimepita. Sikuwa nimepigana. Hapakuwa na vita.

Nilikaa kwenye kochi nikalia. Nilimlilia yule fundi cherehani, na nilijililia mwenyewe. Miaka yote nilidhani kila mtu ana kelele zile kichwani na wembamba wanazishinda kwa sababu wana moyo wa chuma. Kumbe wengi wao hawajawahi kuzisikia. Wanakula, wanashiba, wanaendelea na shughuli zao. Mtu wa namna hiyo akimwambia mwenzake ajizuie, haelewi anachokiomba.

Sikupata utulivu huo bure. Wiki ya kwanza ya kila dozi mpya kichefuchefu kilinishika kama mja mzito. Nilikosa choo siku nne, tano. Nilicheua harufu ya yai viza mbele ya wateja. Nilijifunza kula kidogo, kuacha vya kukaanga siku ya sindano, kunywa maji kwa makusudi, kwa kuwa hata kiu inapungua. Nilijifunza kula kunde, mayai na dagaa kwanza kabla ya wanga, na kubeba madumu ya maji kama zoezi, maana mwili unaopungua haraka unapoteza na misuli, si mafuta peke yake. Na nilikuwa macho kwa maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Hayo ni ya kukimbilia hospitali bila kusubiri kesho.

Jambo ambalo hakuna aliyenitayarishia ni Ramadhani. Nilifunga nikiwa kwenye dawa kwa wiki chache tu. Sheikh wetu alinijibu kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi, na hata hivyo nilikuwa naichoma usiku. Daktari alinitaka ninywe maji mengi kati ya futari na daku. Lakini shida yangu haikuwa fiqhi. Ilifika saa kumi alasiri, saa ambayo tangu nina miaka kumi nimeijua kama saa ngumu, nami sikuhisi kitu. Magharibi ikaadhiniwa nikashika tende mkononi bila hamu. Nilijiuliza saumu yangu ni ya nini kama njaa yenyewe haipo. Njaa ya Ramadhani ndiyo iliyonifundisha utotoni kwamba kuna watu hulala hivyo hivyo bila kungoja adhana yoyote. Nilimweleza Mama baadaye, akaniambia kufunga si njaa peke yake, kuna ulimi, kuna macho, kuna hasira. Ni kweli, na ulimi wangu ulikuwa na kazi ya kutosha. Hata hivyo niliikosa njaa ile, na siwezi kudai kwamba sikuikosa.

Bei niseme waziwazi: kalamu ya mwezi ilikula karibu theluthi ya mshahara wangu, na bima yangu hailipii. Na ni dawa inayotaka friji, kati ya nyuzi 2 na 8 kabla ya kufunguliwa, na isigande kabisa. Umeme ukikatika Temeke saa nane mfululizo, nahamisha kalamu kwenye chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ndiyo maana natetemeka nikiona kalamu hizi zinauzwa kwenye vibanda, juu ya rafu, juani, au zimebebwa kwenye sanduku la nguo kutoka Dubai. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Austria mwaka 2023 watu walilazwa hospitali sukari zao zimeanguka, na ikashukiwa kwamba ndani ya kalamu walizonunua mlikuwa na insulini. Kama nchi zenye wakaguzi wengi kiasi hicho zimepenyewa, mtu anayenunua Kariakoo kwa nusu bei ananunua nini?

Mwishoni mwa 2024 dawa iliadimika kwa msambazaji wetu, na ada za shule zilikuwa zinakaribia. Nikaacha. Wiki tatu za kwanza nilijiona nimepona. Wiki ya tano nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi, nikajikuta naupanga ubwabwa wa usiku. Zile kelele zilirudi kama mpangaji anayejua ufunguo ulipo. Kwa miezi mitatu nilirudisha kilo 6 kati ya 14 nilizopunguza, nami nilikuwa natembea, nakula kunde, najitahidi kwa uwezo wangu wote. Watafiti walikwisha kuliona hili: waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Nilikuwa naijua tarakimu hiyo kabla sijaacha, na bado nilijilaumu asubuhi niliyopanda mizani. Unene kwa wengi wetu ni ugonjwa wa kudumu, na dawa yake inafanya kazi siku unazoitumia, kama ya presha. Anayekuuzia "dozi moja ukamaliza tatizo" anakudanganya.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene. Orodha hiyo haishushi bei kesho asubuhi, lakini nchi nyingi huitazama zinapopanga zinunue nini. Nakumbuka, na wenzangu wa umri wangu wanakumbuka, jinsi dawa za kufubaza virusi zilivyokuwa za matajiri, kisha zikatengenezwa India kwa bei nafuu, kisha zikafika kwenye zahanati za vijijini bila malipo. Wajomba zangu hawakuziwahi. Ninapowasikia watu wakisema dawa za unene ni za wacheza filamu wa Marekani, nawafikiria akina mama wa Temeke wenye presha, sukari na magoti yaliyokwisha, na hasira inanipanda.

Yule fundi cherehani alirudi mwaka huu. Safari hii nilimwita nyuma ya kaunta, nikamvutia kiti. Nikampima presha, nikampima sukari, nikamwambia nimekosea nilipomwambia ajizuie, na kwamba yale aliyonieleza ni kweli, yana jina, na yana sababu ndani ya mwili. Sikumuuzia kitu. Cheti ni cha daktari, na bei hiyo kwa sasa haiwezi. Nilimwandikia aende kliniki ya kisukari, kwa kuwa sukari yake ilikuwa juu sana, 14, na hakuwa na habari. Ameanza metformini. Anakuja kila mwezi, na tunaongea.

Mimi nimerudi kwenye sindano, kwa dozi ndogo, nikiwa nimepanga bajeti upya. Nina kilo 107, presha imeshuka hadi dawa moja badala ya mbili.

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga. Jirani yetu wa siku nyingi aliingia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ananipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni. Nilipoingia ndani kuchukua maji nikamsikia anamuuliza Mama kwa sauti ile ninayoijua: huyu mtoto mbona amekwisha hivi, kuna nini? Nikasimama na jagi mkononi.

"Anatumia dawa," Mama akasema, bila kushusha sauti. "Ya mwili. Ipo kwenye friji yangu hapo, karibu na samaki. Njoo nikuoneshe."